Kopo la Mafuta na Miguu ya Jemedari

Kilimatinde
11 Juni 2024

Mpwa wangu Selina,

Kosa wanalolifanya watu wengi wenye mbwa mkubwa aliyezeeka ni kumwongezea mafuta. Wanamwona anaamka kwa shida, anakaa kivulini kutwa nzima, wanasema nguvu zimemwishia, apewe kitu kizito. Kazi wanampunguzia, sahani wanaijaza. Baada ya miezi sita wanashangaa kwamba hawezi hata kuinuka kwenda kunywa maji.

Nimeisoma barua yako mara mbili. Unasema Jemedari ameanguka njiani akimpeleka mama yako kanisani, na si mara moja. Umeniomba nikutumie dawa ya viungo. Sitakutumia kwanza. Nimekuwa bwana mifugo miaka thelathini na nne, na nilichojifunza ni kwamba dawa ya mguu mara nyingi iko kwenye bakuli.

Nieleze kidogo. Mbwa wetu wa kawaida wa kijijini, mwenye kilo kumi na tano, akifika miaka tisa bado anakimbiza sungura. Jemedari si huyo. Baba yake aliletwa na wakandarasi wa barabara kulinda kambi yao, mbwa mwenye kichwa kama ndoo, na mimi mwenyewe ndiye niliyemchukua mtoto na kumpa dada yangu mwaka ule shemeji alipofariki. Mbwa wa kimo kile huzeeka mapema. Kwa miaka yake tisa yeye ni mzee kama mimi. Nyonga zake zimesagika, na kila kilo ya ziada inakaa juu ya nyonga hizo. Tena kuna tezi iitwayo kongosho, imejificha nyuma ya tumbo, ndiyo inayosaidia kusaga mafuta. Kwa mbwa mzee aliyenenepa, tezi hiyo ikizidiwa inavimba, na ikivimba inaweza kumuua.

Ninajua si mbwa tu tunayemzungumzia. Tangu macho ya mama yako yaingie ukungu, mgongo wa Jemedari ndio fimbo yake. Fimbo ya mti hataki, anasema ni ya wazee. Hakuna mbwa mwingine kijiji kizima cha Mkiwa ambaye mgongo wake unafika kwenye kiganja cha mama yako.

Kwa hiyo anza hivi. Msimu wa alizeti umefika, wanunuzi wana mizani. Mpeleke Jemedari akapimwe. Kisha mpapase ubavuni. Mbwa mwenye afya mbavu zake huzioni kwa macho, lakini ukipitisha vidole unazihesabu. Niandikie namba, na uniandikie kila kinachoingia mdomoni mwake, bila kuficha. Ungenipigia simu ingekuwa haraka zaidi, lakini unajua masikio yangu na simu vimegombana.

Kopo la mama yako limo kwenye kifurushi, kama kila mwezi. Ni mafuta ya mkia wa kondoo, nimeyayeyusha mwenyewe. Mpe shikamoo yangu.

Mjomba wako,
Yeremia


Mkiwa
19 Juni 2024

Mjomba, shikamoo.

Hatujambo. Barua nimeipokea kwa konda wa basi la asubuhi, na kopo la mama limefika bila kuvuja. Nilimsomea barua yako jikoni kwa sauti, akaguna tu, akalichukua kopo lake akaenda nalo chumbani.

Mizani ilikuwa sinema. Innocent anayenunua alizeti pale njia panda aliniuliza, "Dada Selina, gunia hili mbona lina meno?" Jemedari alikaa juu ya ule mzani kama mwenyekiti wa kijiji, watu wakaacha magunia yao wakaja kutazama. Kilo sitini na moja! Innocent akasema kwa uzito huo atanilipa bei ya daraja la kwanza. Watu wamecheka mpaka leo. Mbavu nimezitafuta, mjomba. Sijaona hata moja. Ni kama kupapasa godoro.

Sasa nikuambie anachokula bila kuficha. Asubuhi ugali uliochanganywa na mashudu ya alizeti, maana mashudu hapa hayana shida. Mchana ngozi za kuku zinazobaki jikoni kwenye mgahawa wangu. Unajua wasafiri wa siku hizi, wanashuka kwenye basi, wanataka kuku wa kienyeji, halafu wanamwambia Deo, mpishi wangu, "Toa ngozi." Ngozi itakwenda wapi? Jioni tena ugali, na mchuzi wa juu wa sufuria, ule wenye mafuta ya njano. Nilidhani ninamlea vizuri. Nilijivuna kwamba mbwa wangu anakula kuliko watu wa nyumba nyingine.

Baada ya barua yako nilipanda basi mpaka Singida mjini nikamnunulia mfuko wa chakula cha mbwa, una picha ya mbwa anaruka juu ya ukuta. Nimenakili maandishi ya nyuma: protini asilimia 30, mafuta ghafi asilimia 20. Je, nimepatia?

Kuna jambo jingine. Kaka Nathan alikuja Jumapili. Unajua tarehe 29 Septemba kanisani wanamfanyia mama sherehe ya miaka hamsini kwenye kwaya. Nathan alimwona akirudi, Jemedari akakaa chini katikati ya njia na mama akasimama hapo hapo kama aliyepotea. Nathan akasema, "Siku ya sherehe nikimwona anafika kanisani kwa miguu yake, sitasema neno tena. Akishindwa, nampakia kwenye gari siku hiyo hiyo, tunahamia wote mjini."  Usiku ule mama hakula. Mjomba, unamjua mama. Ukimtoa kwenye nyumba hii utakuwa umechukua mwili tu.

Mpwa wako,
Selina


Kilimatinde
25 Juni 2024

Selina mwanangu,

Umefanya vizuri kunakili namba. Sasa tusizitazame picha.

Mbwa anayeruka ukuta amewekwa pale kwa sababu chakula kile ni cha mbwa wa kazi, anayekimbia kutwa. Mafuta ishirini katika mia ni yake. Jemedari wa leo anatembea mpaka kanisani na kurudi. Kwa chakula kikavu, mzee kama yeye mtafutie chenye mafuta kati ya nane na kumi na moja katika mia. Protini usimpunguzie. Hapo wengi wanakosea pia, wanaondoa nyama yote kwa sababu mbwa amezeeka, na misuli ya mapaja inakwisha. Misuli ndiyo inayobeba nyonga mbovu. Tunapunguza mafuta, nyama tunaiacha. Na usiamini neno "wazee" lililoandikwa mbele ya mfuko. Geuza mfuko, soma nyuma.

Ukikutana na chakula cha kopo, angalia usidanganywe na maji. Kopo linaweza kuandikwa mafuta asilimia tano ukafurahi. Lakini ndani yake themanini katika mia ni maji. Ondoa maji, unabaki na ishirini za chakula chenyewe, na kati ya hizo ishirini tano ni mafuta. Hiyo ni robo nzima! Kopo lile lina mafuta kuliko mfuko wako wa mruka ukuta.

Mfuko huo urudishe dukani wakikubali, au mpe mwenye mbwa kijana. Jikoni kwako kuna chakula bora kuliko hicho. Chukua minofu ya kidari cha kuku, bila ngozi, ichemshe bila chumvi, bila kitunguu. Kitunguu ni sumu kwa mbwa, hata kikiwa kimeiva. Siku nyingine tumia pafu la ng'ombe, halina mafuta mengi na wachinjaji hawaligombanii. Weka boga lililopondwa, mchicha kidogo, na ugali wa mtama usiozidi ngumi yako moja kwa mlo. Maganda ya mayai yaoshe, yakaushe, uyasage yawe unga laini, umwekee kijiko kidogo kwa siku, maana nyama peke yake haina chokaa ya kutosha mifupa. Mifupa ya kuku iliyopikwa asipewe kabisa, inapasuka kama vioo.

Mchuzi usiumwage. Uache upoe usiku kucha. Asubuhi mafuta yameganda juu kama sahani ya nta, yaondoe yote, kinachobaki chini mpe. Mashudu achana nayo. Mashine zetu ndogo hazikamui mpaka mwisho, mafuta mengi yanabaki humo, utayaona ukiyafinya.

Badilisha polepole kwa siku saba, leo robo mpya, keshokutwa nusu, mpaka ufike. Gawa mara tatu kwa siku. Usimnyime ghafla. Na asubuhi kabla jua halijawa kali atembee na mama yako kidogo kidogo, mpaka kwa mama Evodia, mwenzake wa kwaya, na kurudi.

Miezi mitatu inatosha. Hatutamfanya awe kijana, lakini tunaweza kumfanya awe mzee anayetembea.

Kopo la mwezi ujao nimelituma mapema, maana shemeji zangu wa Ikungi walichinja. Mwambie dada ale, asijinyime. Mtu wa umri wake nguvu zinapungua, anahitaji kitu kizito.

Mjomba wako,
Yeremia


Mkiwa
21 Julai 2024

Mjomba, shikamoo.

 Nimefanya kila ulichosema. Boga, pafu, maganda ya mayai, mchuzi uliogandishwa. Nimemnunulia Jemedari kikombe chake cha kupimia, na hakuna anayekigusa ila mimi. Jana nimempima kwa Innocent. Kilo sitini na nusu. Wiki nne, mjomba, nusu kilo! Innocent mwenyewe hakutania.

Na hilo si baya zaidi. Jumatano ametapika mara sita. Halafu akawa anakaa vibaya, kifua chini na miguu ya nyuma imesimama, kama mtu anayesujudu, akiguna. Mama alikaa naye chini kwenye vumbi, amemshika kichwa. Bwana mifugo wa kata alikuja na pikipiki akamtundikia dripu kwenye msumari wa banda. Aliniuliza, "Umempa mafuta?" Nikamwambia sijampa hata tone. Akanitazama tu. Niliona aibu kama mtoto aliyekamatwa akiiba sukari.

Sasa amepona, anakula kidogo kidogo. Lakini kuna mtu anampa mafuta, na jikoni kwangu mwenye mafuta ni mmoja. Deo anakaanga kuku kutwa, ngozi ziko mikononi mwake, na Jemedari anampenda. Nilimuuliza. Akaapa. Nikamwambia, "Deo, mzani hausemi uongo, kwa hiyo mwongo ni wewe?" Akavua aproni, akaikunja vizuri, akaiweka mezani, akaondoka. Wateja wanamuulizia.

Mama amekasirika. Aliniambia, "Umemtoa mtoto wa watu bila kumwona akitenda." Nikamuuliza, "Kwa hiyo ni nani, mama?" Akainuka akaenda kwa Jemedari. Tangu siku hiyo anaongea nami kwa maneno mawili mawili.

Nathan amepiga simu kuuliza kama nimeanza kufungasha vyombo vya mama.

Selina


Kilimatinde
27 Julai 2024

Selina mwanangu,

Pole. Mshukuru bwana mifugo wa kata kwa niaba yangu. Kule kusujudu ndiyo dalili ya kongosho ninayoijua mimi, na mbwa wengi hawatoki hapo.

Mzani hausemi uongo, hapo uko sahihi. Lakini mzani hautaji jina la mtu. Umeuchukua ushahidi wa namba ukaufanya ushahidi wa macho. Nimeona kesi hizi. Daima kuna mkono wa pili, na mara nyingi ni mkono wa mtu anayempenda mnyama kuliko wote. Mtu huyo hajioni kama mkosaji. Anaona ametoa zawadi.

Usimtafute kwa hasira. Tafuta kwa tarehe. Andika siku alizotapika au kuhara, siku alizolala kutwa nzima. Ukishazipanga, uliza ni kitu gani kinachofika nyumbani siku moja au mbili kabla. Kitu kinachokuja kwa mpango huacha alama kwa mpango.

Na Deo, kama hukumwona, umrudishe.

Nathan niachie mimi. Nitamwandikia.

Kopo la dada hili hapa. Msisitize ale. Nina wasiwasi naye kuliko mbwa.

Mjomba wako,
Yeremia


Mkiwa
2 Agosti 2024

Kwa Yeremia, mdogo wangu,

Anayeandika ni Evodia, kwa sababu macho yangu hayaoni mstari. Maneno ni yangu. Nimemwambia asiongeze wala asipunguze.

Barua zako zote zinasomwa jikoni kwa sauti, kwa hiyo nimezisikia zote, na ile ya tarehe nayo nimeisikia. Selina ameanza kuandika tarehe ukutani kwa mkaa. Hatafika mbali kabla hajaona. Kabla hajaona, nakuambia mwenyewe.

Ni mimi.

Mwezi wa tatu nilikwenda hospitali na Evodia, tukasema tunakwenda mazoezi ya kwaya. Tumbo lilikuwa linanikata kila nikila. Daktari, binti mdogo, akaona kwenye kioo cha mashine vijiwe kwenye kifuko changu cha nyongo. Akasema, "Bibi, mafuta basi. Hasa ya nyama." Sikumwambia mtu. Evodia anacheka sasa, anasema nikuambie kwamba na yeye nilimwambia anyamaze. Andika hilo pia, Evodia.

Wewe unajua kwa nini sikusema. Baba alipofariki, ukoo mzima uliamua mkia wa kondoo uje kwako na kwangu. Kila wanapochinja, mkia. Anayepewa mkia ndiye anayeulizwa kabla binti hajaolewa, ndiye anayegawa shamba. Ukisema mkia umekushinda, watu hawasemi umeugua. Wanasema umekwisha, na wanaanza kumtazama mwingine. Nathan angenipakia kwenye gari siku ile ile.

Basi kopo lako lilipofika niliingia nalo chumbani, nikafunga mlango. Kuyamwaga mafuta ya heshima ni kama kumtukana aliyeyaleta. Jemedari alikuwa amelala mlangoni. Nikawaza, huyu naye ni mzee wa nyumba hii. Alimrudisha mwanakondoo kutoka mdomoni mwa fisi. Amenibeba mimi miaka miwili. Nani anastahili mkia kuliko yeye? Nikampa kijiko, akanilamba mkono. Kila siku kijiko, mpaka kopo linakwisha, halafu ninasubiri jingine. Sikujua ninamvunja miguu kwa heshima.

Alipokuwa anaguna pale kwenye vumbi nilijua. Kopo ulilotuma mwisho wa mwezi wa sita lilichelewa kwisha, siku ile nilimpa yote yaliyobaki.

Juzi nimekwenda kwa akina Deo. Ni mbali kuliko kanisani. Nimeshika mgongo wa Jemedari, tumepumzika mara nne, mara mbili kwa ajili yake na mara mbili kwa ajili yangu. Nimemwambia Deo mbele ya mama yake kwamba hakukosa, aliyekosa ni mimi. Mama yake akataka kupiga magoti, nikamwambia akae kama alivyo. Deo amerudi kazini leo. Selina anafikiri amerudi kwa hiari yake. Nitamwambia mwenyewe, jioni hii.

Kopo ulilotuma liko chini ya kitanda, halijafunguliwa. Usitume jingine. Lakini sikia, Yeremia: niondolee mafuta, usiniondolee nafasi yangu. Wewe ndiye uliyesoma. Tafuta njia.

Dada yako,
Luciana

Nami Evodia nimeandika yote, sikuongeza. Vijiwe ni viwili, daktari alisema.


Kilimatinde
8 Agosti 2024

Dada, shikamoo.

Nimesoma barua yako nikiwa nimekaa, na nikaendelea kukaa.

Nimetumia barua tatu kumweleza mwanao kosa la watu wengi, kwamba tunamwona mzee amepungua nguvu tunamwongezea mafuta. Na mwisho wa kila barua nimefunga kopo. "Dada ale, anahitaji kitu kizito." Ni mkono wangu ulioandika hayo. Nimeiona nakala ninayoiweka, nimeisoma, sikupata pa kujificha.

Sasa na mimi nikuambie. Hapa kwetu kuna zahanati nzuri, na mwezi wa pili walinipima damu. Shinikizo liko juu, na damu ina mafuta kama ule mchuzi wa Selina. Walinikataza mkia. Sikumwambia mtu, kwa sababu ile ile uliyoisema wewe. Shemeji wanachinja, wananiletea mkia, ninapokea kwa mikono miwili, ninashukuru. Halafu ninauyeyusha, ninakutumia. Nilijiambia ni upendo. Ulikuwa upendo, lakini pia nilikuwa natafuta pa kuuweka mkia.

Kwa hiyo tazama safari ya mkia huo, dada. Umetoka Ikungi kwa heshima, umefika kwangu sikuthubutu kuula, umepanda basi, umefika kwako hukuthubutu kuula, umeishia kwa Jemedari. Katika ukoo mzima yeye peke yake ndiye aliyeula kwa moyo mweupe, na yeye peke yake ndiye aliyelipa.

Umeniuliza njia. Sina njia ya kitaalamu. Nina hii tu: mimi na wewe ndio wenye mkia. Tukisema sehemu ya wazee ni nyingine, nani atatubishia? Mnofu wa paja la nyuma, usio na mafuta, wa kwanza kukatwa. Mimi nimeshawaandikia shemeji wa Ikungi leo, na nimeweka sababu wazi, shinikizo na yote. Wewe utachagua siku yako.

Kwenda kwa akina Deo kwa miguu, na macho hayo! Nimemsomea barua yako mke wangu. Nimemwambia, huyo ndiye dada yangu, tumezaliwa tumbo moja.

Mdogo wako,
Yeremia


Mkiwa
1 Oktoba 2024

Mjomba, shikamoo. Na pole na kifua kilichokuzuia kuja. Tulikuwekea kiti mpaka mwisho wa sherehe.

Jumamosi Innocent alimpima Jemedari bila kumtoza utani. Kilo hamsini na nne. Nimepitisha vidole ubavuni, mjomba, nimehesabu mbavu saba, nikaanza upya nikapata nane. Deo alipika yeye mwenyewe chakula cha Jemedari wiki nzima, anasema hataki tena kusingiziwa bakuli lisilo lake. Nilimwomba radhi siku ile mama aliponiambia. Alinijibu, "Dada, aproni yangu umeifua?" Nikamwambia nimeifua. Akasema, "Basi."

Jumapili Nathan alifika asubuhi na gari, ameliosha, akalisimamisha karibu na ukuta na kufungua mlango wa mbele.  Alisimama tu pale na ule mlango wazi. Mama akatoka na sare ya kwaya, Jemedari nyuma yake. Akaweka kiganja chake mgongoni kwa Jemedari. Walipofika kwenye gari alijua liko pale, sijui kwa harufu ya sabuni, hata hakugeuka. Akasema, "Nathan, funga mlango. Vumbi linaingia."

Wakaenda. Sisi tukafuata nyuma, hakuna aliyethubutu kupita mbele. Walisimama mara moja tu, pale kwa Innocent, na si kwa kuchoka. Mama alitaka kuwasalimia watu wa mizani. Jemedari alikaa akingoja, halafu akainuka mwenyewe, mguu wa nyuma wa kulia ukatetemeka kidogo, akaenda. Kanisani alilala mlangoni mpaka wimbo wa mwisho.

Sasa mezani. Nathan alichinja kondoo, na alivyo na adabu, akauleta mkia mwenyewe kwenye sinia, akapiga goti mbele ya mama, watu wote wanatazama.  Mama akagusa ukingo wa sinia, akasema kwa ile sauti yake ya kwaya: "Mwanangu, ahsante. Umenipa heshima. Lakini mkia huu daktari amenikataza, na nimelificha jambo hilo tangu mwezi wa tatu, mpaka mkia ukataka kumuua mbwa wangu. Kuanzia leo mimi na Yeremia tunakula mnofu wa paja. Nikatie."

  Halafu mzee Elisha, mpiga ngoma wa kwaya, akakohoa pale mwisho wa benchi. "Na mimi nilikatazwa. Mwaka wa tatu huu." Mzee mwingine akasema, "Mimi humpa paka." Watu wakalipuka kwa kicheko, wazee wakaanza kutajana, huyu sukari, huyu shinikizo, na ule mkia umebaki kwenye sinia hauna mwenyewe! Nathan akakata mnofu wa paja, wa kwanza kabisa, akampa mama kwa mikono miwili. Kabla ya kula, shemeji zako wa Ikungi wakamuuliza kuhusu posa ya binti yao, kama kawaida. Nafasi yake iko pale pale.

Jioni Nathan aliondoka na gari tupu. Aliniambia tu, "Dada, nitakuwa naleta pafu kila nikija. Mjini ni rahisi kupata."

Mama anakusalimu. Anauliza, sasa Jemedari amepungua, turudi kumlisha kama zamani kidogo, kumpongeza?

Mpwa wako,
Selina


Kilimatinde
6 Oktoba 2024

Selina mwanangu,

Barua yako nimeisoma, nikamwita mke wangu nikamsomea, nikatoka nje nikamsomea jirani ambaye hata hakuwa ameuliza. "Funga mlango, vumbi linaingia." Nimefundisha mabwana mifugo wengi katika maisha yangu, na sina mwanafunzi ninayejivunia kama dada yangu mkubwa, ambaye hakuwahi kuniomba somo.

Mwambie hapana. Mbwa mzee akishapungua, mafuta hurudi haraka kuliko yalivyoondoka. Jemedari atazeeka zaidi, mguu ule wa kulia utatetemeka zaidi, kuna siku hatainuka, na siku hiyo haitakuwa kosa la mtu. Lakini miaka iliyobaki aitembee. Akitaka kumpongeza, ampongeze kwa kidari cha kuku.

Kuna jambo nimeliona kwenye barua yako ambalo nilipaswa kuliona mwezi wa sita. Nilikutuma kwenye mzani, nikakutuma kwenye namba za mfuko, na wakati wote kulikuwa na kiganja kimoja juu ya mgongo wa mbwa yule kila asubuhi. Macho ya mama yako yamechoka, lakini vidole vyake vinamjua Jemedari kuliko mzani wa Innocent. Angejua amenenepa kabla yetu sote, kama tungemuuliza. Hatukumuuliza, tulimsomea tu barua.

Kwa hiyo kikombe kile cha kupimia kisiwe chako tena.

Leo, kabla Jemedari hajala, mwite mama, ampapase mbavu, na umpe yeye kikombe apime.

Mjomba wako,
Yeremia